Kihamba Kinataka Mikono: Jinsi Vijiji vya Juu Kilimanjaro Vinavyobaki na Wazee

Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa Kibosho, siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfongo, mfereji wa asili unaoleta maji kutoka mtoni hadi mashambani. Nilipokuwa mtoto, siku kama hiyo kila boma lilitoa mtu na jembe lake, na boma lililokosa kutoa mtu lilitozwa faini. Njia nzima ilijaa wanaume. Safari hii tulifika tisa. Mdogo kuliko wote, ukiniondoa mimi niliyekuwa likizo, ana miaka hamsini na mitatu. Wawili kati yetu walikuwa vibarua waliolipwa kwa simu na mtu aliyeko Dar es Salaam, ili jina la boma lake lisisomwe kwenye orodha ya wasiofika. Tulizibua kuanzia njia panda hadi darajani. Ilipofika saa saba migongo ilikuwa imechoka, tukaacha. Banio lenyewe, kule juu korongoni ambako maji huchepushwa kutoka mtoni, hatukulifikia.

Nimeanza na mfongo kwa sababu hapo ndipo jambo zima linapoonekana kwa macho. Mto upo na maji yapo. Wamepungua watu wa kuyaleta hadi kwenye migomba.

Watu wengi wakisikia kijiji kinapungua hufikiria ukame, njaa au udongo uliochoka. Miteremko ya Kilimanjaro haina sifa hizo. Udongo wake ni wa volkano, mvua ni nzuri kuliko sehemu kubwa ya nchi, barabara nyingi zinapitika, umeme umefika, nyumba ni za matofali na mabati ya rangi. Mgeni akipita Machame, Uru, Marangu au Rombo huondoka akisema huku watu wamejaliwa. Basi kwa nini ukitembea kilomita mbili mwezi wa Agosti unakutana na bibi watatu, mtoto mmoja wa shule na nyumba kumi zenye kufuli?

Nianze na takwimu, maana zinaweza kumpoteza mtu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoani Kilimanjaro, na ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Kwa hiyo mkoa haukupungua, uliongezeka. Lakini uliongezeka kwa asilimia 1.3 hivi kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa ikikua kwa asilimia 3.2. Nimepiga hesabu: kama Kilimanjaro ingekwenda mwendo wa taifa katika miaka hiyo kumi, mwaka 2022 ingekuwa na watu karibu milioni 2.25. Pengo linakaribia laki nne. Sehemu ya pengo hilo ni watoto ambao hawakuzaliwa, kwa kuwa wanawake wa mkoa huu kwa muda mrefu wamezaa watoto wachache kuliko wastani wa taifa. Sehemu iliyobaki ni watu waliozaliwa huku na kuhesabiwa kwingine. Na hao walioongezeka ndani ya mkoa, wengi hawakupanda mlima. Wamejenga Moshi mjini, Himo, Bomang'ombe na kando ya lami.

Kwa hiyo anayesema vijiji havipungui anaweza kukuonyesha karatasi na akawa sahihi. Karatasi hiyo haikuambii ni wangapi kati ya waliohesabiwa wanaweza kupanda juu ya mti wa kivuli na panga, au kubeba mzigo wa majani kichwani kutoka tambarare. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake, na kihamba ni kazi ya nguvu.

Hapa inabidi nieleze kihamba ni nini, maana kihamba si shamba. Mchaga akisema shamba, mara nyingi anamaanisha kule chini kwenye joto, ambako mahindi na maharage hulimwa kwa msimu na mtu akavuna na kuondoka. Kihamba ndipo unapoishi. Mara nyingi ni ekari moja au pungufu, nyumba ikiwa katikati. Juu kabisa inasimama miringaringa na migrevilea, inatoa kivuli na mbao. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi na mboga, huku viazi vikuu vikiparamia miti. Pembeni kuna banda la ng'ombe ambaye hatoki nje. Chakula anafuatwa nacho.

Uzuri wa mpangilio huu, uliowafanya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 waingize vihamba vya Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, ni kwamba kila kitu kinakilisha kingine. Ng'ombe anakula majani na migomba iliyokatwa, anatoa samadi, samadi inakwenda kwenye migomba, migomba inaifunika mibuni isichomwe na jua, majani yake yanaanguka na kuwa mboji. Watu wa zamani hawakununua mbolea kwa sababu walikuwa na mzunguko huo. Lakini mzunguko unashikwa na mikono kila siku, na pingili moja ikikatika nyingine zinafuata.

Bibi jirani yetu, mwenye miaka sabini na sita, aliuza ng'ombe wake wa mwisho mwaka juzi. Nilipompa shikamoo na kumuuliza kulikoni, alinionyesha goti lake. Majani hapo juu hayatoshi, na kwenda chini kuyafuata hawezi tena. Ukiagiza mzigo wa majani kwa gari, maziwa hayarudishi gharama. Watoto wake wanne wako mijini na si wabaya hata kidogo: kila mwezi simu inalia, hela imeingia.

"Hela naipata, mwanangu," aliniambia. "Ila hela haikati majani."

Nilitembea naye nyuma ya nyumba. Tangu ng'ombe aondoke, hakuna samadi. Migomba ya mshare iliyokuwa minene kama paja sasa imekonda, mikungu ni midogo, na baadhi imeangushwa na upepo kwa kuwa hakuna wa kukata miti ya kuiegemeza. Mahali migomba ilipoanguka jua limeingia, na mibuni iliyo chini imeanza kuwa ya njano. Amepoteza ng'ombe mmoja, na baada ya misimu minne kihamba kizima kimebadilika sura.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana walioondoka hawakuondoka jana.

Kahawa ililetwa huku na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1920 wakulima wa Kichaga waliikamata kwa nguvu, wakiungwa mkono na ofisa wa wilaya Charles Dundas huku walowezi wakilalamika. Mwaka 1925 wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vya zamani kabisa Afrika. Tangu hapo kahawa ikawa ndiyo fedha ya mlima. Iliezeka nyumba mabati, ikajenga makanisa na zahanati, na zaidi ya yote ikalipa ada. Kumbuka kwamba migomba ilikuwa ya mama na ililisha nyumba. Kahawa ilikuwa ya baba, na ilipeleka watoto shule.

Na shule, tuseme ukweli, kazi yake ilikuwa kumtoa mtoto kijijini. Hakuna mzazi niliyemjua aliyelipa ada ili mwanawe arudi kupogoa mibuni. Walipeleka watoto shule wawe makarani, walimu, manesi, wahasibu, wafanyabiashara wenye hesabu kichwani. Walifanikiwa kuliko walivyotarajia. Kwa maana hiyo kijiji hakikushindwa. Kilifanya kazi kiliyopangiwa, na kila mwaka kikawa kinapeleka mazao yake bora nje.

Pamoja na shule kulikuwa na urithi. Kwa desturi yetu kihamba hakigawanywi sawa kwa wote. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa sehemu yake anapooa, na kitinda mimba hubaki na boma la wazazi, awatunze na kuwazika. Wa katikati walitafutiwa msitu mpya wa kufyeka. Hilo liliwezekana zamani. Lakini juu ya vihamba kuna msitu wa hifadhi na chini kuna nyika kavu na mashamba makubwa, na kufikia miaka ya 1950 nafasi mpya ilikuwa imekwisha. Ekari mbili zikawa moja, moja ikawa nusu. Kijana wa katikati aliondoka kwa sababu hesabu ya ardhi haikumwacha abaki, kabla hata hajajiuliza kama anapenda mji.

Kuna jambo ndani ya desturi hii ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Kitinda mimba ndiye aliyewekewa kiti cha kubaki. Lakini kaka na dada zake wakishapata kazi mjini, wanafanya nini kwanza? Wanamsomesha mdogo wao. Kwa hiyo mtoto aliyepangiwa kukaa na wazee mara nyingi ndiye anayesoma kuliko wote, na anapomaliza chuo kikuu hana pa kuitumia shahada yake Kibosho juu. Upendo wa wakubwa kwa mdogo wao ndio umeacha kiti hicho wazi. Katika ukoo wetu nimehesabu maboma sita ambayo mrithi halali ni kitinda mimba, na hakuna hata mmoja anayelala huko.

Halafu kahawa yenyewe ikayumba. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na viliporejeshwa miaka ya 1980 vilikuwa vimepoteza mali, wataalamu na imani ya watu. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ya dunia ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na pembejeo za mkopo kutoka chama cha msingi cha ushirika zikakauka. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, unahitaji kupigwa dawa mara nyingi kwa msimu, na dawa ikawa ghali. Mwaka 2001 bei ya dunia ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Nakumbuka baba akiziangalia risiti mezani na kuzirudisha kwenye bahasha bila kusema neno. Wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Leo mikoa inayobeba kahawa ya nchi ni Kagera, Ruvuma na Songwe.

Maelezo mengi huishia hapo: bei ilianguka, vijana wakaondoka. Mimi siridhiki nayo, kwa sababu bei ilikuja kurudi. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili kwenye soko la dunia, kiwango ambacho, bila kuhesabu mfumuko wa bei, kilikuwa hakijawahi kuonekana. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Lyamungu kimetoa miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo hata dawa si mzigo kama zamani. Kama bei peke yake ndiyo iliyoondoa watu, bei ingewarudisha. Hawajarudi.

Sababu ni kwamba kahawa ya mkulima mdogo ni kazi ya familia nzima. Buni hazivi zote siku moja. Unapita kwenye mti uleule mara nne, tano, hata zaidi, ukichagua nyekundu na kuacha za kijani, tangu mwezi wa saba hadi karibu na Krismasi. Zilizochumwa leo zinatakiwa kumenywa leo kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, zivundikwe, zioshwe, zianikwe, zigeuzwe, zifunikwe mvua ikitaka kunyesha. Nilipokuwa shule ya msingi, jioni ya kumenya kahawa tulikuwa watoto saba kwenye mashine moja, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya korongo kwa sababu kila boma lilikuwa linafanya hivyohivyo. Hakuna aliyetulipa, na bei ya dunia haikutuhesabu. Faida ya kahawa ya mlimani ilikuwa inakaa ndani ya kazi hiyo ya watoto, mama, shangazi na wajomba. Ukiiondoa familia na kuajiri vibarua wa kila hatua, hata dola 4 zinabana.

Ndiyo maana fedha zinazotumwa kutoka mjini haziokoi kihamba, ingawa zinaokoa maisha ya wazee, na kwa hilo hazina mfano. Zinalipa dawa, umeme, dada wa kazi, bima. Zinajenga nyumba. Mwezi wa Desemba barabara ya kwenda Moshi inajaa, treni ya abiria iliyorejea mwaka 2019 inajaa, watu wanasema Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Kwa wiki mbili kijiji kinakuwa kama kilivyokuwa: kanisa halitoshi, mbuzi wanachinjwa, mbege inapikwa, watoto wanaozungumza Kiswahili cha Sinza wanafundishwa kuamkia kwa Kichaga. Napenda wiki hizo kuliko zote za mwaka. Lakini Desemba si mwezi wa kuzibua mfongo wala wa kupogoa. Watu wanakuja mikono ikiwa na zawadi, na tarehe 3 Januari kufuli zinarudi milangoni.

Sasa mtu wa mbali atauliza: kama hamlimi, kwa nini msiwauzie wanaotaka kulima? Hapa ndipo fundo lilipokaza. Kihamba ndimo walimo babu zetu. Makaburi yako nyuma ya nyumba, chini ya migomba, yamezungushiwa masale, mmea uleule tunaoupanda kwenye mipaka na tunaoupeleka kwa mtu tunapomwomba msamaha. Kuuza kihamba kwa mtu wa nje ni kumuuzia mahali alipolala mama yako mzazi. Ukoo hautakubali, na mimi nisingekubali. Kifungo hicho ndicho kinachowafanya watu warudi kila mwaka kutoka Mwanza hadi Minneapolis. Lakini kifungo hichohicho kinafanya ardhi isilimwe na mwenyewe wala isilimwe na mwingine. Tumeilinda vizuri mno kwa ajili ya waliokufa na watakaokufa, tukamsahau anayetaka kuishi juu yake.

Na wapo wanaotaka. Nyumba nyingi zenye kufuli zina kijana anayezitunza, wengi kutoka mikoa mingine, wanaolala chumba cha uani kwa mshahara wa mwezi. Wanalisha kuku, wanafyeka, wanafungua geti Desemba. Nilimuuliza mmoja kwa nini asipande kahawa kwenye nafasi iliyo wazi. "Mche unataka miaka mitatu hivi kuanza kuzaa," akasema, "na mimi sijui kama mwezi ujao nitakuwa hapa." Ana miaka ishirini na nne na ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote kwenye kitongoji. Hana haki ya kupanda hata mgomba.

Wapo pia wanawake. Mabinti wa boma, waliorudi baada ya ndoa kuvunjika au baada ya kustaafu, na wajane waliobaki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini kwenye kikao cha ukoo sauti inayosikika bado ni ya kaka aliyeko Dar. Nimeona dada akikarabati mibuni ya marehemu baba yake kwa miaka minne, kisha kaka yake akapiga simu kuagiza miringaringa miwili mikubwa ikatwe, auze mbao. Kivuli kikaondoka kwa siku moja. Aliyeamua hakuwepo kuona jua linapigaje.

Ninachokiona kinasaidia, pale kinapofanyika, ni kuutenganisha umiliki na ulimaji kwa maandishi. Kihamba kinabaki cha ukoo, makaburi hayaguswi, lakini mtu anapewa miaka kumi au zaidi ya kulima, ikaandikwa na kupelekwa halmashauri ya kijiji, ili apande mti akijua ataula. Pamoja na hilo, mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa kwenye chama cha msingi unaondoa ile kazi ya usiku ambayo wazee hawaiwezi tena. Na mfongo unaweza kuwa na kikosi kidogo cha kudumu kinacholipwa kwa michango ya walioko mijini, wachange kila mwezi kama wanavyochangia harusi. Haya hayatajaza shule wala kuwarudisha ndugu zangu wote. Shule ya msingi ya kwetu, iliyokuwa na mikondo miwili, itaendelea kuwa na watoto wachache kwa muda mrefu, na sioni dawa ya haraka.

Bibi jirani amekubali kufanya hivyo. Watoto wake wanne walikutana kwa simu wakabishana wiki tatu, kisha wakasaini: mke wa mjukuu wa jirani, mama wa watoto wawili wadogo, atalima nusu ya kihamba kwa miaka kumi na mbili, na bibi atapata mkungu mmoja kila wiki na maziwa ng'ombe akija. Siku niliyoondoka walikuwa wanapima mashimo ya miche kwa kamba. Yule mama alikuwa ameshika ncha moja, bibi amekaa kwenye kigoda ameshika nyingine, na walipofika kwenye masale ya kaburi la babu wakasogeza kamba hatua mbili pembeni, wakaendelea kupima.